Nunua kwa Henri, Uza kwa Maikro

Theopista hakuwahi kukaa darasa la umeme hata siku moja. Aliingia kwenye koili kama alivyoingia kwenye ndizi, kwenye mitumba na kwenye ndoa: aliona mwenzake anafaidi, akauliza bei.

Meza yake iko kwenye uchochoro nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi mjini, kati ya mshona viatu na mama wa vitumbua. Juu yake kuna mota za feni, transfoma zilizokufa, rimoti zisizo na mwenyewe, na mbele kabisa, kwenye trei ya mayai, koili. Kwa asiyejua, koili ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha bomba la plastiki mpaka ukanenepa kama kitumbua chenye tundu. Fundi akiifunga kwenye spika kubwa, inazuia sauti nyembamba zisipite, besi ibaki kuwa besi. Uwezo wake hupimwa kwa henri. Henri nzima ni kubwa mno kwa spika, kwa hiyo mafundi huikata vipande elfu, kila kipande kikaitwa milihenri, kama milimita ilivyo kwa mita. Milihenri ukiikata elfu unapata maikrohenri. Maikrohenri nayo ukiikata elfu unapata nanohenri, na hapo umefika kwenye vumbi.

Hayo alielezwa na mzee Zaidi, fundi redio wa Njoro, siku mzee huyo alipomuuzia mita ya kupimia.

"Kiangalie hiki," alisema Zaidi, akionyesha kitufe cha njano. "Ukikibonyeza, koili inabaki ileile, namba inabadilika. Usije ukadanganyika, mama."

Theopista akabonyeza. Koili iliyokuwa mezani ikasoma 0.00047. Hizo ni henri. Akabonyeza tena: 0.47. Hizo ni milihenri. Akabonyeza mara ya tatu: 470. Maikrohenri. Alikitazama kile kitufe kama mtu aliyeonyeshwa kisima ndani ya kiwanja chake mwenyewe.

"Sidanganyiki, mzee wangu," alijibu, na tayari alikuwa anawafikiria watakaodanganyika.

Hakumdanganya mtu, hilo lisemwe mapema. Kila namba aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Alichagua tu ipi ya kutaja kwa nani. Mwanzoni aliandika "milihenri 0.47" kwenye kijikaratasi cha koili, na wateja wakamchosha.

"Sufuri nukta? Mama, hii hata nusu haijafika! Punguza."

Wiki iliyofuata koili ileile ikarudi kwenye trei ikiwa na "470". Wateja walewale wakaishika kwa mikono miwili.

"Mia nne na sabini! Hii si itang'oa bati la kanisa?"

"Ndiyo maana siiuzi kwa kila mtu," alisema Theopista, akaiuza kwa aliyekuwa mbele yake.

Kwenye kununua alirudi kwenye henri. Wavunja redio walipomletea koili za zamani, aliigeuza mita wajionee. "Sufuri, nukta, sufuri, sufuri, sufuri. Mnaniletea hewa iliyofungwa waya. Haya, nawahurumia, acheni hapo." Nunua kwa henri, uza kwa maikro. Kwa kanuni hiyo alijenga nyumba ya vyumba vitatu, na hakuna aliyemwuliza alisoma wapi.

Koili mpya alizungushiwa na wifi yake, Gladys, dada mkubwa wa mume wake, kule Uru juu, kwenye kihamba chenye migomba na kahawa. Gladys alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na nane, kisha akastaafu akiwa na mikono isiyotulia. Alikaa kibarazani na mpini wa mti uliochomekewa kipande cha bomba, akazungusha waya huku anaongea na kuku, na kila mizunguko kumi akatupa buni moja ya kahawa kwenye kikombe. Mwisho anahesabu buni. Hakosei. Ana jedwali lililobandikwa ukutani: mizunguko fulani, henri fulani.

Oda zote Theopista alimwandikia kwa henri. Aliamini namba ndogo haimpi mtu kiburi, na mtu asiye na kiburi haulizi nyongeza. Gladys alisoma, akazungusha, akanyamaza. Theopista alidhani ni kutokujua. Alisahau kwamba aliyesahihisha madaftari miaka ishirini na nane amezoea kuliona kosa na kutulia mpaka mwenye kosa aweke kalamu chini.

Sasa ikaja kazi ya Eliufoo.

Eliufoo ni mtengeneza spika wa Bomang'ombe. Spika zake ziko kwenye makanisa, kwenye baa na kwenye magari ya matangazo kuanzia Hai mpaka Rombo. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumletea koili zake zote kwa mwaka mzima.

"Niletee kumi za majaribio," alimwambia Theopista kwenye simu. "Milihenri moja na nusu kila moja. Alhamisi asubuhi. Zikiwa sawa, mwaka ni wako. Zikiwa ovyo, kuna Kornel wa Arusha ananisumbua kila siku."

Theopista aliutaka mwaka ule kama mgonjwa anavyotaka maji. Miaka tisa aliuza moja moja kwa watu wanaoshika, wanaonusa, wanaosema watarudi. Alitaka mteja mmoja, mwenye karakana, asiye na muda wa kupiga soga. Alishamwambia mama wa vitumbua aanze kuitazama meza ile kama ya kwake. Mshona viatu alishaagwa. Kurudi kwenye trei ya mayai baada ya hapo ingekuwa aibu ya kuhama mji.

Aliandika oda ya Gladys akiwa amesimama, huku akimkatalia mteja bei ya mota ya feni. Milihenri moja na nusu. Kichwani aliigawa kwa elfu, ikawa henri 0.0015. Hapo ndipo pa kuishia. Lakini mkono uliozoea kupunguza haukuona sababu ya kuishia. Ukagawa tena kwa elfu. Karatasi ikaandikwa: *Koili kumi, henri 0.0000015 kila moja.* Theopista akaitazama, akaipenda. Ilikuwa namba ndogo kuliko zote alizowahi kumtumia wifi yake. Akaikunja, akaipeleka Uru pamoja na waya kilo mbili.

Alhamisi saa mbili asubuhi pikapu ya Basili, anayeshusha ndizi kutoka Uru, ikamshushia boksi, limefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Alilinyanyua. Lilikuwa jepesi kama boksi la pamba.

Mtu mwingine angelifungua. Theopista alitabasamu. Jepesi maana yake waya umetumika kidogo, na waya uliobaki ni wake. Tena ana imani yake ya siku zote kwamba mfanyabiashara anayefungua mzigo wake njiani anauambia ulimwengu hajui kilichomo. Saa tatu na nusu alikuwa Bomang'ombe, kwenye karakana ya Eliufoo mkabala na soko, boksi mezani, kitenge kimenyooshwa.

Eliufoo akakata kamba. Akachomoa koili ya kwanza kutoka kwenye majani makavu ya mgomba, akaishika kwa vidole viwili. Kipande cha bomba, na juu yake mizunguko mitano ya waya. Akachomoa ya pili, mitano. Ya tatu, mitano.

"Mama Theopista. Hizi ni hereni?"

Theopista alishtuka, lakini uso wake ulikuwa na mafunzo. "Ni za kisasa. Shaba ya siku hizi ina nguvu, haihitaji kujazwa."

"Mizunguko mitano?"

"Wewe unanunua mizunguko au unanunua sauti? Pima!"

Eliufoo akachukua mita yake, akashika miguu miwili ya waya. Mita ikasoma 1.5.

"Si umeona!" Theopista aliruka, na furaha yake ilikuwa ya kweli maana hata yeye hakutegemea. "Moja nukta tano! Umeagiza nini? Moja nukta tano!"

"Soma herufi iliyo pembeni."

"Namba ni ileile, kaka yangu."

"Mbuzi mmoja na inzi mmoja namba ni ileile, mama. Ukinialika kula mbuzi ukaniletea inzi nitasema nini? Hii ni moja na nusu ya maikro. Mimi nilitaka ya mili. Hapa umeniletea kimoja kati ya elfu."

Theopista alirudisha macho kwenye zile koili. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama upande wa pili wa meza yake mwenyewe, na hakupapenda.

Ili asibaki na wasiwasi, Eliufoo akaifunga mojawapo kwenye spika iliyokuwa wazi, akawasha kwaya. Spika ya besi, dude pana kama ungo, ikapokea kila kitu bila kuzuiwa. Ikaanza kupiga kelele za soprano. Muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara akauliza kama kuna mtu amebanwa na mlango.

"Kornel anafika saa kumi na boksi lake," alisema Eliufoo, akizima. "Ukija na kumi za kweli kabla sijafungua la kwake, nitapima zako kwanza. Kwa sababu nakuheshimu."

"Kabla ya saa kumi," alisema Theopista, akatoka kutafuta bodaboda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalipa bei aliyotajiwa.

Njia nzima ya kupanda Uru alimtukana Gladys kimoyomoyo. Walipofika kwenye daraja la mfereji akatoa karatasi ya oda kwenye simu, maana hupiga picha kila anachoandika, akahesabu sufuri. Akazihesabu tena kuanzia upande mwingine. Tangu hapo hakumtukana mtu.

Pale Uru, mtu aliyemkosea mwenzake haji mikono mitupu. Huja na isale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, amelifunga fundo, na aliyekosewa akishapewa hawezi kukataa kusamehe. Theopista alimsimamisha bodaboda kwenye ua, akachuma jani moja zuri, akalifunga fundo huku anatembea.

Gladys alikuwa kibarazani anachambua maharage ya kupikia kiburu, mchanganyiko wa ndizi na maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo si wifi tena?"

Theopista akanyoosha jani kwa mikono miwili. Gladys hakulipokea mara moja. Alilitazama, akatazama ua wake, akaona pengo.

"Hilo umelichuma pale kwangu?"

"Ni isale, mwalimu."

"Naona. Unaniomba msamaha kwa mali yangu."

"Nilikuwa na haraka."

"Hata kosa lako lilikuwa la haraka." Akalipokea, kwa kuwa halikataliwi, akaliweka kando ya maharage. "Nimekusamehe. Kaa."

Kisha akaingia ndani, akarudi na karatasi ya oda. Ilikuwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Sufuri tatu zilikuwa zimezungushiwa duara, na chini yake maandishi mazuri ya ubaoni: *Soma swali vizuri. 0/10.*

"Kumbe uliliona!"

"Kabla sijakaa chini. Nani anaagiza koili ya spika yenye mizunguko mitano? Hiyo hata kuku wangu asingeivaa mguuni."

"Sasa kwa nini hukunipigia simu, wifi?"

"Mwaka juzi nilikupigia nikakuuliza kwa nini unaniandikia kwa henri na unauza kwa maikro. Ulinijibu nini?"

Theopista alikumbuka vizuri sana. "Nilikwambia ufuate karatasi."

"Nikafuata."

Theopista akavuta pumzi, akajaribu la mwisho, maana hajawahi kutoka kwenye jambo bila kujaribu la mwisho. "Sikiliza, mwalimu. Hiyo namba si kosa. Mimi nilikuwa naandika kwa kilohenri. Kilohenri ni henri elfu moja, si ndiyo? Basi kilohenri 0.0000015 ni sawasawa na milihenri moja na nusu. Piga hesabu."

Gladys akafumba macho. Midomo ikatikisika, kidole kikaandika hewani. Halafu akacheka mpaka ungo wa maharage ukainama.

"Ni kweli! Imekaa sawa kabisa!" Akafuta macho. "Lakini karatasi inasema henri. Nakupa alama moja kwa ujanja. Moja kwa kumi."

"Waya bado unao? Unaweza kuzungusha kumi kabla ya saa nane?"

"Mizunguko mia mbili na nane mara kumi, kwa saa mbili? Mimi ni mwalimu, si cherehani." Alimwacha aungue kidogo. Kisha akanyanyuka, akavuta debe la bati kutoka nyuma ya mlango, akafunua gunia. Ndani kulikuwa na koili kumi, nono, zimefungwa uzi, nzito. "Waya kilo mbili kwa mizunguko hamsini? Nilijua ungekuja. Nilizimaliza jana, nikakutumia kwanza zile ulizoandika."

Theopista akapeleka mkono kwenye debe. Gladys akalifunika.

"Hizi hazimo kwenye oda. Hizi ni zangu, nauza. Na mimi nauza kwa nano. Kila moja ni nanohenri milioni moja na laki tano."

"Nano! Nani anauza koili ya spika kwa nano?"

"Mtu aliyefundishwa na yule anayeuza kwa maikro."

"Wifi, hiyo ni milihenri moja na nusu tu! Ni kitu kidogo!"

"Mjini ungeiita kidogo?"

Theopista alitazama jua kupitia migomba. Lilikuwa limepita katikati. Bodaboda kule kwenye ua alikuwa ameshaanza kula ndizi za watu. Alijiona kama wale wateja wake, ameshika kitu anachokihitaji, na namba iko mdomoni mwa mwingine.

"Taja bei yako."

"Hela sitaki," alisema Gladys. "Nataka mita."

"Mita gani?"

"Hiyo unayozunguka nayo mkobani kama mtoto mchanga. Ikae hapa Uru. Koili zote zipimiwe hapa, na kijikaratasi nikiandike mimi, kwa milihenri. Ukinunua kwangu ni milihenri, ukiuza ni milihenri. Nimechoka kuwa hewa iliyofungwa waya."

"Wiki moja kwako, wiki moja kwangu."

"Januari mpaka Desemba."

"Nikuachie mita, na kitufe kibaki kwangu."

"Kitufe ndicho ninachokitaka. Hiyo nyingine ni plastiki tu."

Walishindana robo saa. Theopista, ambaye kwenye uchochoro wake hajawahi kushindwa na mtu, alipata punguzo moja tu: Jumapili baada ya misa ya kwanza angeruhusiwa kuishika. Akaitoa kwenye mkoba, akaibusu kifuniko si kwa mapenzi bali kufuta vumbi, akaikabidhi. Gladys akapima zote kumi pale pale, taratibu, akaandika kwa kalamu nyekundu, akazipanga kwenye boksi. Safari hii Theopista alilinyanyua na kulipima kwa mkono, akafungua, akatazama, akahesabu, akafunga.

Saa kumi kasoro dakika nane alikuwa Bomang'ombe. Kornel wa Arusha alikuwa ameshakaa kwenye benchi na boksi lake lenye maandishi ya kiwandani, amekunja nne, ananyonya soda.

Eliufoo akapima za Theopista kwanza, kama alivyoahidi. 1.5, na herufi ya mili. 1.49. 1.51. 1.5. Akaifunga moja kwenye spika, akawasha kwaya. Safari hii soprano zikaenda kwao juu, kwenye spika ndogo, na ile pana ikabaki na wazee wa sauti ya nne, ikanguruma mpaka soda ya Kornel ikatetemeka kwenye chupa. Muuza nyanya hakuuliza kitu.

"Mwaka ni wako," alisema Eliufoo. Kisha akachukua kalamu. "Tuanze na zile ndogo, niliziona kwenye trei ya meza yako. Sampuli si umekuja nayo?"

Alikuwa nayo mkobani, moja, ambayo Gladys aliipima kabla ya kumruhusu aondoke. Akaiweka mezani. Eliufoo akasoma kijikaratasi chake cha wino mwekundu, akakunja uso.

"Milihenri 0.47? Mama, hii hata nusu haijafika. Punguza."

Kidole gumba cha Theopista kikaingia mkobani kutafuta kitufe cha njano. Kikakuta leso. Akaichukua koili pale mezani, akaiweka kwenye kiganja cha Eliufoo na kukifumba kwa mkono wake.

"Shika. Shaba hiyo nimeilipia kwa uzito, wala mizani ya waliouza haikuwa na sufuri za mbele. Bei ni ile niliyokutajia kwenye simu."

Eliufoo alipimapima kiganja chake, akaguna, akaandika.

Asubuhi ya Ijumaa mama wa vitumbua akahamishia karai lake kwenye meza ya koili kama alivyoahidiwa. Theopista hakukaa kumtazama. Alikwenda moja kwa moja Njoro, akamkuta mzee Zaidi mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee wangu. Unayo mita nyingine?"

"Marahaba. Ipo moja."

"Ina kitufe?"

"Kinacho, tena kipya." Zaidi akajikuna kidevu. "Ila mwalimu Gladys, aliyewafundisha wanangu hesabu, alinipigia jana jioni. Amesema ukija, nisikuuzie mpaka nimpigie naye asikilize."

Theopista akavuta kigoda, akakaa, akapanga kitenge chake.

"Mpigie," alisema. "Lakini kwanza niambie, ungeiuza shilingi ngapi kama asingekuwepo?"